Depo la kahawa kuwa makao: kisa cha ujenzi mmoja kando ya barabara ya Katana

Shangazi yangu, anayeishi Kadutu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ana depo la zamani la kahawa kando ya barabara iendayo Katana. Marehemu mume wake alilinunua pamoja na kipande cha shamba, na kwa miaka mingi halikuwa na kazi nyingine isipokuwa kuhifadhi mihogo na mbao. Lilijengwa wakati wa Wabelgiji. Lina urefu wa mita 18 na upana wa mita 7, kuta za matofali ya kuchoma juu ya msingi wa mawe, mlango mpana wa kupitisha lori, na badala ya madirisha lina matundu madogo tu ya kupitisha hewa. Mwanzoni mwa kiangazi cha 2023 aliamua kuligeuza makao ya watu 6, kwa masharti matatu: kuta zisibomolewe, lisichomwe hata tofali moja jipya, na nyumba ijitegemee kwa maji na taa. Mimi ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari na si mjenzi, lakini ninasoma Kifaransa na Kiingereza, kwa hiyo aliniambia: «Mwanangu, wewe tafuta kwenye intaneti namna wanavyofanya wenzetu, Fundi atajenga.»

Ninaandika kisa hiki kwa undani kwa sababu majengo ya namna hii ni mengi katika Kabare na Kalehe, na kwa sababu elimu tuliyoipata mtandaoni, ambayo ni nyingi na nyingine ni nzuri sana, ilikaribia kutudhuru kabla ya kutusaidia.

Usiku wa kwanza niliandika maneno ambayo mtu yeyote angeyaandika: ghala la shamba, kugeuza, nyumba, kutunza mazingira. Kwa Kiswahili yalikuja matangazo ya mabati na ramani za nyumba za kuuza. Kwa Kifaransa na Kiingereza yalikuja maghala ya Ulaya, mazuri ajabu, yenye ukuta mmoja mzima wa kioo. Nchini Uingereza kazi hii ni ya kawaida, kwa kuwa tangu 2014 kanuni zinaruhusu baadhi ya majengo ya shamba yageuzwe makao bila kuomba kibali kamili cha mipango, na mwongozo wowote wa huko humkumbusha mwenye jengo kwanza kuchunguza kama popo wanaishi darini, maana wanalindwa na sheria. Baada ya popo hufuata kurasa nyingi juu ya sufu ya kondoo ya kujaza kutani, vioo vya tabaka tatu na mashine za kuvuta joto kutoka ardhini. Hakuna kosa lolote katika hayo. Kule adui ni baridi ya miezi mingi, na nyumba hupimwa kwa kiasi cha nishati inachokula ili watu wasigande. Sisi tuko karibu na mita 1500 juu ya usawa wa bahari, usiku una ubaridi wa kutosha blanketi moja zito, na adui zetu ni unyevunyevu, mvua ya kuanzia Septemba hadi Mei, na ardhi inayotikisika. Nilimaliza mega zote za intaneti za wiki nikijifunza kujibu maswali ya nyumba ya mtu mwingine.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye depo pamoja na Fundi, mzee aliyejenga tangu ujana wake Walungu na Bukavu, nikiwa na daftari tupu. Tulianzia kwenye paa tukashuka hadi msingini, na kila sehemu tukaiandikia swali lake kwa Kiswahili, kwa maneno ya Fundi mwenyewe. Kwa nini lipu inabanduka chini ya ukuta na si juu? Hili paa ni la kitu gani? Tukipanua mlango, kitabeba nini kile kilichokuwa kinabebwa na ukuta? Udongo wa hapa unafaa kwa tofali lisilochomwa? Kuanzia siku hiyo sikutafuta tena «nyumba ya kutunza mazingira». Nilitafuta jibu la swali moja, na jioni nilimsomea Fundi kwa Kiswahili kile nilichokipata. Tukawekeana kanuni ambayo naona ndiyo iliyookoa kazi yote: hati ambayo sikuweza kumweleza Fundi hadi naye akanirudishia kwa maneno yake, tuliiweka kando, hata kama ilikuwa na picha nzuri kiasi gani. Mara nyingi kasoro haikuwa kwa Fundi wala kwenye hati. Nilikuwa nimesoma maneno bila kuelewa jambo.

Bahati mbaya kanuni hiyo ilikuja siku moja baada ya kosa kubwa, na kosa hilo ni langu. Katika kurasa za kwanza nilizozisoma kulikuwa na mashauri mawili yanayorudiwa kila mahali: tumia tena kila kilichopo kwenye jengo, na safisha paa kabla ya kuanza kuvuna maji ya mvua. Yote mawili yanasikika kuwa ya busara. Paa la depo lilikuwa la mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yaliyoota kuvu nyeusi na majani madogo, lakini mazima, na nilifurahi kwamba Shangazi hatalazimika kununua manjanja (mabati). Nikamwagiza kijana mmoja msaidizi wa Fundi apande na brashi ya waya, ayasugue. Alisugua nusu siku, wakati wa jua, bila kitambaa usoni. Niliposoma swali la daftari, «hili paa ni la kitu gani», na kulitafuta peke yake, ndipo nilipofahamu kwamba mabamba ya namna hiyo, katika majengo ya miaka ile, mara nyingi ni saruji iliyochanganywa na asbesto.

Asbesto ni nyuzi za madini, nyembamba kiasi kwamba hazionekani hewani, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zake zote husababisha saratani. Ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miongo kadhaa. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1997 na Uingereza mwaka 1999, na kwa sababu nchi hizo zimeachiwa mamilioni ya paa za aina hiyo, taasisi zao za usalama kazini, INRS ya Ufaransa na HSE ya Uingereza, zimeweka mtandaoni bure maelekezo ya wazi kabisa, hatua kwa hatua, pamoja na michoro. Ningependa kila mwenye depo la zamani ayasome kabla ya jambo lingine lolote. Bamba lililotulia, lisilovunjika, lina hatari ndogo. Hatari inaanzia kwenye kusugua, kutoboa, kukata na kuvunja. Huwezi kuitambua asbesto kwa macho, na pale ambapo hakuna maabara ya kupima, kanuni ni kulichukulia bamba la kutiliwa shaka kana kwamba linayo.

Kijana yule tulimwita, nikamweleza yote mbele ya wazazi wake, na nguo zake zikaloweshwa na kufungwa ndani ya mfuko. Nusu siku moja si sawa na maisha ya mfanyakazi wa kiwandani, na nilimwambia hivyo kwa sababu ni kweli, lakini sikuweza kumwambia kwamba haikuwa kitu. Kisha tukabadili mpango wa paa lote. Mabamba yalinyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo ili vumbi lisiruke, misumari ikalegezwa kwa mkono bila kuvunja, bamba moja moja likashushwa zima kwa kamba, likafungwa kwa plastiki nzito mara mbili. Waliofanya kazi walivaa barakoa za daraja la FFP3, zinazochuja vumbi laini kabisa, si vile vitambaa vya wakati wa Kovidi. Shimo lilichimbwa mbali na chemchemi na mbali na mteremko unaoteleza wakati wa mvua, likafunikwa kwa udongo mwingi na kuwekewa alama ya mawe, na Shangazi ameandika mahali pake katika karatasi za kiwanja ili wajukuu wasije wakachimba hapo. Katika nchi yenye mahali rasmi pa kupeleka taka hizo, njia hiyo isingekubalika. Kwetu ndiyo iliyokuwa na madhara machache zaidi. Shauri la «tumia tena kila kilichopo» lina thamani, na kuta za depo ni ushahidi, ila liliandikwa na watu wanaochukulia kwamba mkaguzi wa asbesto amekwisha kupita.

Kuta zilitupa somo la aina nyingine. Fundi alikuwa amekwisha kuona kwamba lipu iliyokuwa ikibanduka chini ni ya saruji, iliyopakwa miaka ya karibuni, na kwamba matofali nyuma yake yalikuwa yamelowa na kuota chumvi nyeupe, ilhali juu, palipobaki udongo na chokaa vya zamani, tofali lilikuwa kavu. Maelezo bora niliyoyapata yalitoka mahali nilipokuwa nimepadharau: Uingereza, kwenye kurasa za SPAB, shirika la kuhifadhi majengo ya kale lililoanzishwa mwaka 1877. Hoja yao ni rahisi. Ukuta wa zamani hauna kizuizi cha unyevu msingini. Hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani kupitia uso wake, na unaishi miaka mingi kwa mwendo huo. Ukiufunga kwa saruji, maji hayapati njia ya kutokea, yanapanda juu zaidi, na tofali linaoza nyuma ya lipu inayoonekana nzuri. Waandishi wa Kiingereza husema ukuta «unapumua». Nilipomweleza Fundi hivyo alikataa, akasema ukuta hauna mapafu. Nikaeleza upya juu ya maji yanayopanda na kukauka usoni, akafikiri, akasema: «Basi sema unatoka jasho. Mtu ukimvalisha nailoni wakati wa kulima, ataugua.» Tangu hapo neno letu ni hilo, na nadhani ni bora kuliko lile la Waingereza, kwa kuwa linaeleza pia kwa nini chumvi hubaki juu ya ngozi.

Tuliondoa saruji yote kwa patasi, tukaacha kuta zikauke kiangazi kizima, tukachimba mfereji wa kokoto kuzunguka msingi ili maji ya mvua yasisimame pale, na tukapaka lipu ya chokaa na mchanga, fungu moja kwa matatu. Hapa kulikuwa na mtego wa lugha. Kiswahili kina neno moja, chokaa, na hati za Kifaransa zinazungumzia vitu viwili tofauti: chokaa inayoganda kwa kunywa hewa ukaa, polepole, na chokaa nyingine inayoganda kwa maji, inayokaribia saruji kwa tabia. Iliyopatikana sokoni Bukavu, ile ya kupaka nyeupe, ni ya kwanza. Inahitaji kulowekwa, kivuli na kunyunyiziwa kwa siku nyingi, na mafundi waliozoea saruji huona kama haikauki kamwe. Kipande cha kwanza tulichokipaka kiliachwa kwenye jua na kikapasuka kama ardhi ya dimbwi lililokauka.

Vyumba vya ndani vilihitaji kuta mpya, na sharti la Shangazi la kutochoma tofali lilikuwa na uzito wake. Tanuru la matofali hula kuni kwa siku kadhaa mfululizo, na yeyote anayepita barabara yetu huona magunia ya makala (mkaa) na mizigo ya kuni ikishuka kutoka upande wa Kahuzi-Biega, mbuga iliyo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1980 na katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Kujaza vyumba kwa matofali ya saruji nako si jibu, kwa kuwa malighafi ya saruji huchomwa hadi nyuzi joto zipatazo 1450 na viwanda vyake hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na kazi za binadamu. Tulichagua tofali la udongo la kushindiliwa kwa mashine ya mkono, aina iliyozaliwa Kolombia miaka ya 1950 kwa jina la CINVA-Ram. Juu ya jambo hili mtandao una hazina halisi. CRAterre, kituo cha ujenzi wa udongo kilichoanzishwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1979, kimeachia hati nyingi za bure kwa Kifaransa, na taasisi ya udongo ya Auroville, kusini mwa India, inaeleza wazi vipimo vyake.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyotuponza, kwa sababu nilivinakili bila kutazama vinaanzia wapi. Auroville wanaweka saruji asilimia 5, na wanasema udongo mzuri una takriban asilimia 15 ya changarawe, 50 ya mchanga, 15 ya tope laini na 20 ya mfinyanzi. Mimi nilichukua asilimia 5 na kuuacha udongo. Matofali 60 ya kwanza yalitoka mashineni yakiwa laini na mazuri kama sabuni, na baada ya wiki moja karibu yote yalikuwa na ufa. Fundi ndiye aliyekumbuka jaribio la chupa nililomsomea jioni moja: jaza theluthi ya chupa kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha itulie. Mchanga hushuka ndani ya dakika moja, tope laini baada ya saa kadhaa, mfinyanzi hukawia hadi kesho yake. Katika chupa yetu mchanga haukufika robo. Udongo mwekundu wa Katana ni wa mfinyanzi mwingi, unavimba ukilowa na kujikunja ukikauka. Tulichanganya mchanga wa mtoni, tukajaribu michanganyiko minne, tukaongeza saruji hadi asilimia 6, na matofali yakakaa siku 28 chini ya majani ya migomba yakimwagiliwa asubuhi na jioni. Kundi hilo halikupasuka.

Juu ya mlango nilibishana na Shangazi, na bado ananikumbusha. Alikuwa ameona zile picha za Ulaya na alitaka ukuta wa pembetatu wa upande wa Ziwa Kivu, wenye mlango wa lori, ufunguliwe wote, uwe kioo. Tarehe 3 Februari 2008 Bukavu ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, na watu wa rika langu wanakumbuka waziwazi kuta zilizodondoka. Kwenye World Housing Encyclopedia, kazi ya wahandisi wa matetemeko inayosomwa bure, inaonyeshwa namna nyumba za matofali yasiyo na nondo zinavyoanguka, na ukuta wa pembetatu unaobeba ncha ya paa huwa miongoni mwa kuta za kwanza kuanguka. Kuukata ukuta huo katikati ni kuuondolea nguvu ndogo iliyobaki. Nilimchorea Fundi, naye akamchorea Shangazi kwa kijiti mavumbini, na mchoro wake ulieleweka zaidi kuliko wangu. Mlango wa lori ulipunguzwa ukawa dirisha moja kubwa na mlango wa kawaida, na juu ya kuta zote ukazungushwa mshipi wa zege na nondo, ule ambao mafundi wetu huuita shenaji. Saruji karibu yote tuliyoinunua ilikwenda huko, na sijutii mfuko hata mmoja.

Kwa paa jipya tulichukua bati la geji 28, si la namba kubwa zaidi, kwa kuwa namba ikipanda bati huwa jembamba zaidi, na chini yake dari ya matete yaliyokandikwa udongo, ambayo inapunguza kelele ya mvua na ubaridi wa alfajiri. Nilikuwa nimevutiwa na shule ya Gando nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, ambayo msanifu wake Francis Kéré aliinua paa juu ya dari ya udongo ili hewa ya moto itoke. Lakini Gando ni joto kali. Kwetu nafasi kubwa kama ile ingeleta upepo wa usiku ndani ya vyumba.

Maji hayakuhitaji kusoma kwingi. Milimita moja ya mvua juu ya meta ya mraba moja ni lita moja. Mifereji iliwekwa upande mmoja tu wa paa, wenye meta za mraba 75. Tukikadiria kwa tahadhari milimita 1300 kwa mwaka na kupoteza sehemu ya tano, zinabaki lita 78,000. Kiangazi cha siku 90, watu 6 wakitumia lita 20 kila mmoja, kinadai lita 10,800, ndiyo maana kuna matangi mawili ya lita 5,000 na ndoo chache za ziada kutoka chemchemi. Nikiri kwamba hapa mtandao ulinizungusha bure, maana kituo cha utafiti cha Lwiro, kilicho jirani kabisa na Katana, kimekuwa kikipima mvua kwa miongo mingi, na ningeanza kwa kubisha hodi huko. Kwa upande wa jua, PVGIS ya Tume ya Ulaya na Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia zinakubali uguse sehemu yoyote ya ramani, Katana ikiwemo, na kukupa makadirio ya nishati ya jua ya mahali hapo. Tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo paneli zililazwa kwa mwinamo mdogo tu, wa kutosha mvua kuziosha.

Shangazi alihamia mwezi Mei mwaka uliofuata. Lipu ya chokaa upande wa mashariki bado ina doa la unyevu pale mfereji wa kokoto ulipozibwa na mizizi, na litarudiwa kiangazi kijacho. Hati zote tulizozitumia nimezichapisha, kwa sababu simu hupotea na mega huisha, na pembeni nimeandika kwa mkono maneno ya Kiswahili tuliyokubaliana jioni zile. Wiki iliyopita Fundi alikuja nyumbani akaomba kurasa za paa peke yake. Ameitwa kwenye depo jingine, upande wa Kavumu, ambako mwenye nyumba amekwisha kununua brashi za waya.